Majike Hatukuwahesabu

Mke wangu Glenys alikuwa na mdomo. Sisemi kwa ubaya. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyekuwa akitangaza namba za bingo kila Alhamisi kwenye klabu ya mtaa wetu wa pwani, Semaphore, na watu walikuwa wakitoka hata upande wa pili wa jiji la Adelaide kuja kucheza. Hawakufuata zawadi, maana zawadi yenyewe ilikuwa kuku wa kugandishwa. Walimfuata yeye. Kwa kila namba alikuwa na utani wake. Ikitoka hamsini na nane atasema, "Umri wa Clem huo, ila magoti yake yana themanini!" Ukumbi mzima unaangua kicheko, na mimi nimekaa palepale mbele na kadi yangu, najifanya nimenuna. Nyumbani ndiyo usiseme. Alinigombeza kwa viatu, kwa chai, kwa namna ninavyofunga mlango wa friji. Nilikuwa nikiomba dakika tano tu za kimya.

Nikapewa. Jumamosi moja ya Novemba, asubuhi, akimwagilia mlimau wetu nyuma ya nyumba, kiharusi kilimwangusha. Mkono wa kulia ukapooza, na maneno yote yakaenda isipokuwa moja: Jumanne. Hakuna anayejua kwa nini Jumanne. Akitaka maji, Jumanne. Akiumwa na bega, Jumanne. Anaelewa kila unachomwambia, unaona machoni kabisa kwamba anaelewa na jibu analo. Ila akifungua mdomo linatoka hilohilo, naye mwenyewe analisikia, anafumba macho kwa hasira.

Mtu anaweza kumkumbuka mkewe naye amekaa mbele yake anakula uji. Sikuwa nikijua. Nilikuwa nikiendesha gari kwenda kazini huku najigombeza mwenyewe kwa sauti ya Glenys: "Taa ya kijani hiyo, bwana, unangoja barua?" Halafu najijibu. Halafu nanyamaza, maana yeye angejibu vizuri zaidi.

Kazi yangu ni panya. Mwaka wa thelathini na moja sasa nawatunza panya wa maabara kwenye taasisi moja ya utafiti hapa mjini, upande wanakochunguza kiharusi. Ndiyo, najua. Miaka yote hiyo nimeangalia kiharusi kwa hadubini, kisha kikaja kunipigia hodi nyumbani.

Panya mchanga akifikisha wiki tatu unamtenga na mama yake. Unamshika mkia, unamwinua, unaangalia nafasi iliyopo chini ya mkia. Ikiwa ndefu ni dume, ikiwa fupi ni jike. Dume sanduku la kushoto, jike sanduku la kulia. Nilikuwa natenga watoto arobaini kwa dakika kumi huku napiga soga za mpira. Wa kushoto walitobolewa sikio, wakapewa namba, wakaingia kwenye utafiti. Wa kulia waliingia kwenye gesi. Profesa wetu wa zamani, Mungu amrehemu, alikuwa na sababu yake: jike ana siku zake, homoni zinapanda na kushuka kila siku nne au tano, atavuruga hesabu. Maabara zote nilizowahi kutembelea zilifanya hivyohivyo. Na tulipoandika matokeo tuliandika "panya". Hakuna aliyeandika "madume". Hata halikutujia kichwani.

Kwa panya hao tulipata dawa. Naiita dawa yetu, na sioni aibu, maana mikono iliyofanya ile kazi ni hii. Ndani ya ubongo kuna seli ndogo za ulinzi. Siku za amani zina matawi marefu membamba, zinapapasa huku na huku kuhakikisha majirani wako salama. Kiharusi kikipiga, zinavuta matawi ndani, zinavimba zinakuwa duara, zinaanza kula. Mwanzoni zinakula takataka, na hapo zinasaidia. Tabu ni kwamba hazijui kuacha, zinaendelea hadi zinakula na vilivyo hai. Dawa yetu ilizituliza. Niliona kwa macho yangu matawi yakirudi, na niliona panya waliokuwa wakiburuta mguu wakitembea juu ya waya bila kuteleza.

Kwa hiyo hospitali ilipoanza kuijaribu dawa ile kwa watu, mimi ndiye niliyempeleka Glenys. Muuguzi wa jaribio, Luz, mwanamke wa Kifilipino mwenye subira ya ajabu, alitueleza kila kitu. Nusu ya wagonjwa watapewa dawa, nusu vidonge vya unga mtupu visivyo na dawa, na hakuna atakayejua yupi kapewa nini mpaka mwisho. Glenys alikuwa akiniangalia mimi, si Luz.

"Mke wangu, hii naijua," nilimwambia. "Nimeiona ikifanya kazi. Niamini."

"Jumanne," akasema, akachovya kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza kwenye fomu ya kukubali.

Vidonge vilimtia kichefuchefu. Kila asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda ameshika beseni kwa mkono wake mzima, nami nikafurahi kimoyomoyo. Nilijiambia unga haumtapishi mtu, basi amepata ya kweli.

Mwaka huohuo tulikuwa na daktari mpya, Xanthe Kallinikos, binti wa wauza samaki wa pale bandarini, ana miaka thelathini na sita na kichwa kigumu. Wiki yake ya kwanza alinikuta na masanduku yangu mawili.

"Mzee Clem, hao wa kulia unawapeleka wapi?"

"Unajua wanakokwenda, Daktari."

"Waache."

"Wote? Nitawaweka wapi, kwako sebuleni?"

"Ukipenda. Mama yangu anafuga paka lakini." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Clem, nusu ya wanaopata kiharusi ni wanawake. Hii dawa yenu, majike mliijaribu lini?"

Nikamwambia niko kazini, anipishe.

Aliwapata majike wake. Tuliwasababishia kiharusi panya sitini na nne: madume nusu, majike nusu, na kila upande nusu walipewa dawa na nusu maji ya chumvi. Kuhesabu seli kulikuwa kwangu, maana jicho langu halina mpinzani mle ndani, hilo hata wanaonichukia wanakubali. Ila mhesabuji hapaswi kujua anachokihesabu. Xanthe alivipa vioo vyote, kila kimoja na kipande cha ubongo wa panya mmoja, namba za kubahatisha, akaandika orodha ya siri, akaifunga kwenye bahasha na kuisaini juu ya gundi. Mimi nilibaki na vioo, hadubini, na kimashine cha kubonyezea hesabu.

Nilihesabu kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Kioo kimoja, seli mia; kila seli unafuata matawi yake moja baada ya jingine. Kufikia wiki ya pili niliona kuna vioo vilivyotulia. Matawi marefu, yamenyooka, raha kuyatazama. Na kuna vingine vimevimba, vya duara, vimekasirika. Mhesabuji mzuri hapo anafunga moyo wake na kuendelea kubonyeza. Mimi nilikuwa mhesabuji mzuri kwa miaka thelathini.

Safari hii sikuweza. Kila nilipopata ubongo uliotulia niliuita Glenys. Sikuandika popote, hesabu sikuigusa, lakini moyoni nilisema: huyu ni jike, huyu amepewa dawa, huyu atasema. Namba kumi na saba, Glenys. Ishirini na tatu, Glenys, tazama tawi lile lilivyofika mbali. Nilikuwa narudi nyumbani nimechangamka, napika viazi na kondoo, namsimulia. Nilimwambia seli zake zinanyoosha matawi sasa hivi tunavyoongea. Siku moja alicheka kwa pua, vile alivyokuwa akicheka zamani nikidanganya, na kwa sababu ya mcheko ule sikulala vizuri kwa wiki nzima. Nilikuwa namtamani mke wangu kama kijana anayechumbia.

Bahasha tuliifungua Jumatatu ya kwanza ya Julai, baada ya chai ya saa nne. Nje mvua na upepo wa baharini. Xanthe alisoma, mimi niliandika ubaoni.

"Kumi na saba," nikasema, kwa sababu nilitaka kuanza na yule.

"Dume. Dawa."

"Ishirini na tatu."

"Dume. Dawa."

"Arobaini?"

"Dume. Dawa. Clem, twende kwa mpangilio basi."

Tukaenda kwa mpangilio. Ilichukua robo saa. Waliotulia walikuwa madume waliopewa dawa, wote, mpaka wa mwisho. Kila niliyemwita Glenys alikuwa dume. Majike waliopewa dawa walikuwa wamevimba, wengine kuliko wale wa maji ya chumvi. Na hao majike wa maji ya chumvi ndio walionishangaza: seli zao zilikuwa zimekwisha kuanza kunyoosha matawi zenyewe, kidogokidogo, bila msaada wetu. Walikuwa na njia yao. Dawa yetu iliwakalia njiani.

Xanthe alipiga meza kwa kiganja. "Nilijua! Miaka sita nawaambia watu..." Halafu akaniona uso. Mkono ukabaki palepale mezani. "Oh, Clem. Glenys."

"Panya si watu," nikasema.

"Panya si watu," akakubali haraka. "Na pengine anakunywa unga. Lakini hawa wa hospitali lazima nikawaambie leo hii. Unaelewa?"

"Waambie."

"Umekasirika?"

"Nimekasirika, ndiyo. Si na wewe." Nilifuta ubao kabla hajanakili safu ya mwisho, ikabidi tuisome upya.

Nilikaa na siri ile siku tatu. Sitajipamba hapa: nilitaka kunyamaza. Mtu aliyepoteza kila kitu isipokuwa matumaini, nani aende kumnyang'anya hayo? Hayo ndiyo niliyojiambia, na yalikuwa uongo. Aliyekuwa na matumaini ni mimi. Asubuhi nilimpa kidonge na glasi ya maji kama kawaida, naye akakimeza kwa sababu nilimwambia aniamini, kisha akashika beseni. Siku ya nne nilikiweka kidonge mezani na sikumpa.

"Glen, kaa," nikasema, naye alikuwa amekaa tayari. Akanitazama kwa jicho la kuuliza nina wazimu gani.

Nikamwambia. Nilianza na bahasha, nikarudi nyuma hadi kwenye dawa, nikajikuta nasimulia masanduku mawili. Tumeoana miaka thelathini na minne na sikuwahi kumwambia habari za sanduku la kulia. Alijua nafuga panya, basi. Nilimwonyesha hata mkono unavyokwenda: mkia, inua, tazama, kushoto. Mkia, inua, tazama, kulia. Aliifuata mikono yangu kwa macho. Nikamwambia wangapi kwa wiki, na wiki ngapi kwa mwaka.

"Kwa hiyo niliposema nimeiona ikifanya kazi," nikasema, "niliiona kwa madume tu. Kwa nyie sikuwahi kuona kitu. Nilikuapia kitu nisichokijua."

Glenys aliinua mkono wa kushoto, akaelekeza kidole upande wa kulia, sakafuni, pale nilipokuwa nimeonyesha sanduku. Halafu akakirudisha kidole hichohicho kifuani kwake.

"Ndiyo," nikasema. "Hivyo hasa."

"Jumanne," akasema, polepole, kwa sauti ya chini sana. Akainuka, akashika fimbo, akaenda kulala mchana kweupe na kunifungia mlango. Nilibaki jikoni nikitamani vibaya anigombeze. Zamani mambo kama hayo yangechukua saa nzima ya matusi na kugongagonga sahani, na mwisho wake tungekunywa chai.

Wiki iliyofuata Luz alikuja nyumbani na fomu mpya. Wakubwa wa jaribio walikuwa wamekaa na matokeo ya Xanthe, wakapitia na hesabu za wagonjwa wenyewe. Hawakuona kwamba kuna aliyedhurika, lakini walitaka kila mwanamke aambiwe habari za majike na achague upya. Kulikuwa na visanduku viwili vya kuweka alama: naendelea, najitoa.

"Dada Glenys, sikiliza vizuri," Luz alisema, ameinama mbele yake. "Hakuna wa kukulaumu. Ukijitoa, matibabu yako mengine yote yanabaki vilevile. Vidonge vyenyewe vinakusumbua tumbo, najua."

"Anajitoa," nikasema.

"Mzee Clem, sikukuuliza wewe."

"Mimi ndiye ninayeshika beseni, Luz!"

"Beseni anashika mwenyewe, nimemwona." Luz hakuniangalia hata. "Dada, una swali?"

Glenys aliinua kidole kimoja, akajigusa kifuani. Akainua cha pili, cha tatu, akavizungusha hewani, akakunja uso wa kuuliza. Mimi sikuelewa. Luz alielewa.

"Wanawake wangapi? Kwenye jaribio zima mko arobaini na mmoja. Wanawake ni tisa." Akasita. "Walikuwa tisa. Wawili wamejitoa jana."

"Na wakijitoa wote?" nikauliza, ingawa nilijua jibu kuliko yeye.

"Tutaandika tulichokiona kwa wanaume, Clem. Tutafanya nini kingine?"

Glenys aliishika kalamu kwa kushoto. Ilimteleza, ikaanguka kwenye sketi yake, akaiokota. Ninamjua huyu mwanamke. Niliona mkono unakoelekea kabla haujafika, nikapiga magoti karibu na kiti chake, yale magoti yangu ya themanini.

"Glen, usifanye hivyo. Mimi ndiye niliyekuingiza, acha nikutoe. Kile kidonge hakitakuletea chochote, na kama ni cha kweli pengine kinakuzuilia njia. Wale wasiopewa kitu walikuwa wakipona wenyewe, nimewaona, safari hii nimewaona kweli. Achana na hesabu za watu. Nakutaka wewe. Nataka uniambie nimefunga friji vibaya. Jitoe, mama, kwa ajili yangu."

Aliweka alama kwenye kisanduku cha kwanza, naendelea, alama kubwa iliyopinda na kutoka nje ya mstari. Nikanyoosha mkono niichukue ile karatasi. Sijui ningeifanya nini. Glenys akaikandamiza kwa kiwiko, akanigeukia, na nikaona mdomo wake unahangaika, midomo inakutana na kuachana, shingo imemkaza, nikajiandaa kusikia Jumanne.

"Hapana," akasema.

Lilikuwa na kwikwi katikati, na mwisho wake ulikuwa pumzi tu, lakini lilikuwa neno lake na sauti yake, ile ya Alhamisi, ya mtu aliyezoea kusikilizwa hadi meza za nyuma. Luz akaziba mdomo kwa mikono miwili. Kama ni dawa, au ni unga, au ni yeye mwenyewe na njia yake, hakuna anayejua, na hatutajua mpaka bahasha yao ifunguliwe. Wakati ule sikuwaza bahasha. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni nalia, nimeshika pindo la sketi yake.

"Sema tena," nilimwambia. "Nikatalie tena, mke wangu. Nikatalie chochote unachotaka."